Mchungaji anataka nitie saini agano la miaka saba. Nikikataa, nimemkataa Mungu?

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Nina miaka 34. Ni fundi wa kushona viti vya matatu pale Grogan, Nairobi, na kwa miaka sita nimekuwa kiongozi wa vijana katika kanisa letu la mabati huku Kayole. Mchungaji anasema Mungu amemwonyesha kwamba mimi ndiye mchungaji msaidizi. Kwenye kesha la mwisho wa mwezi natakiwa nisimame mbele ya madhabahu nitie saini agano la miaka saba: nifunge kibanda nitumike wakati wote, nisihamie kanisa lingine mpaka "baba", yaani mchungaji, aniachilie, na nitoe sadaka ya agano kila mwezi. Atakayevunja, karatasi inasema, atakauka yeye na nyumba yake. Jumapili iliyopita nilishainua mkono kukubali. Mke wangu anasema yeye hakuitwa siku hiyo. Lakini wito nausikia kweli, tangu nikiwa kidato cha pili. Nikikataa kutia saini, nimemkataa Mungu? Na ule mkono niliouinua umenifunga?

JIBU: Asifiwe sana, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana kesha liko karibu na huna muda wa kuzungushwa. Usitie saini karatasi hiyo. Na wito wako usiutupe. Mchungaji wako ameyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja, nami nitajaribu kuifungua.

Neno linalokutetemesha ni agano. Kwa Kiebrania ni beriti, na Waisraeli walikuwa na msemo wao: agano hukatwa. Lilikatwa kwelikweli, kwa kisu. Mimi nimekulia nyumba ambayo mbuzi alichinjwa uani, kwa hiyo kila nisomapo Mwanzo 15 naisoma pamoja na harufu yake. Abramu anaambiwa alete ndama, mbuzi na kondoo, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Wale wanyama anawapasua katikati na kupanga vipande vikitazamana, kisha anabaki pale akifukuza ndege wa mizoga wanaoshukia nyama. Katikati ya vipande kuna kijia kilicholowa damu. Desturi ilikuwa kwamba anayeapa hupita kwenye kijia hicho, kana kwamba anasema: nikivunja neno langu, nifanywe kama ndama huyu.

Sasa tazama ni nani anayepita. Jua linakuchwa na Abramu ameshikwa na usingizi mzito. Hatembei wala haapi. Kinachopita kati ya vipande ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto, ishara ya Mungu mwenyewe. Mwenye nguvu zote ndiye anayejiweka chini ya kisu, na yule mzee asiye na mtoto wala shamba amelala. Mara ya kwanza kufundisha sura hii, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Sasa Abramu aliapa nini?" Nikapekua, nikapekua tena. Usiku ule hakuapa chochote. Madai ya utii yanakuja, tena ni mazito, lakini yanakuja sura mbili mbele, baada ya Mungu kuwa amekwisha kujifunga.

Najua mchungaji wako atakwambia Kumbukumbu la Torati 28 imejaa laana, na ni kweli imejaa. Watu wa zama zile waliijua lugha hiyo. Mwaka 1955 huko Nimrud, nchini Iraki, wachimbuaji walipata vibao vya udongo vya mwaka 672 kabla ya Kristo, ambamo Esarhadoni mfalme wa Ashuru aliwaapisha watawala wadogo wamtii mwanawe Ashurbanipali. Laana zake zinafanana mno na za Kumbukumbu, hata ile ya mbingu kuwa shaba na nchi kuwa chuma. Huo ndio uliokuwa mkataba wa kawaida wa dunia: mkubwa anaandika, mdogo anaapa, laana zote zinamwangukia mdogo. Israeli waliichukua lugha hiyo, ila kwenye kiti cha mfalme mkuu wakamweka Mungu peke yake. Mwanadamu yeyote anayetawala, Kumbukumbu 17 inamweka chini ya agano pamoja na wengine: asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu, na ajiandikie nakala ya torati aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake.

Soma tena karatasi yako ukiwa na hayo akilini. Ni nani anayepita kati ya vipande? Wewe. Kibanda ni chako, sadaka ni yako, miaka saba ni yako, na kukauka ni kwako na kwa watoto wako. Umeninukulia mambo mengi utakayotoa. Sijaona hata moja ambalo mchungaji ameahidi. Hakuna mshahara, hakuna NSSF ya akiba ya uzeeni, hakuna mtu wa kumwita aketi aulizwe maswali siku akikukosea. Karatasi hiyo ina harufu ya Esarhadoni kuliko ya Abramu.

Sisemi haya nikiwa juu ya mlima. Nikiwa mchungaji kijana huko Eastlands, nilikuwa na vijana kumi na wawili (idadi hiyo niliichagua kwa makusudi, Mungu anisamehe) na niliwaapisha wote kwamba hawataniacha. Tulikuwa na meza ya plastiki na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibwe. Mmoja alipata kazi Mombasa akaondoka. Nilisimama madhabahuni nikamtaja kuwa mwenye roho ya Dema, yule aliyemwacha Paulo. Miaka minne baadaye nilimwona Muthurwa, naye akaniona, akajificha nyuma ya mkokoteni wa mananasi. Mtu mzima, ana mke na mtoto mgongoni, ameinama nyuma ya mananasi kwa sababu yangu. Nilimfuata nikamwomba radhi hapo hapo, nikiwa na mfuko wa sukumawiki mkononi. Baada ya hapo sijamwapisha mtu yeyote, isipokuwa maharusi.

Sisi Wakenya tungepaswa kuwa wa kwanza kuinusa hatari hii. Mwaka 1969 nilikuwa mtoto. Wakikuyu walikuwa wakisombwa kupelekwa Gatundu, nyumbani kwa Rais Kenyatta, "kunywa chai", na chai yenyewe ilikuwa kiapo kwamba uongozi wa nchi hautatoka mikononi mwa jamii yao. Waliokataa walipigwa. Miongoni mwa waliokataa walikuwamo Wakristo wa uamsho, na hoja yao ilikuwa fupi: Kristo alikwisha kumwaga damu ya agano kwa ajili yetu, hatuwezi kuongeza agano lingine juu yake. Viongozi wa makanisa walikemea hadharani. Leo kiapo kile kile cha vitisho kinarudi kwa mlango wa nyuma, kimevaa suti, kinapigiwa kinanda. Na baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, hakuna mtu nchini mwetu anayeweza kusema kwamba kumtii "baba" bila kuuliza ni jambo dogo la ndani ya kanisa.

Haya, mkono uliouinua.

Mchungaji wako huenda akakunukulia Mhubiri 5, kwamba ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa. Mstari huo ni wa kweli na sitaupunguza makali. Nadhiri ambayo mtu anajiwekea mwenyewe mbele za Mungu, kwa hiari, akijua anachosema, si mchezo. Lakini torati hiyo hiyo ina milango. Mambo ya Walawi 27 inamruhusu mtu aliyewekewa nadhiri akombolewe kwa fedha, na bei imeandikwa: mwanamume wa miaka 20 hadi 60, shekeli 50. Mambo ya Walawi 5 inamtaja aliyeapa kwa midomo bila kufikiri, na inachomwamuru ni kuungama na kuleta sadaka, haimwambii akauke. Na Mithali 6 inamwambia kijana aliyenaswa kwa maneno ya kinywa chake aende haraka, ajinyenyekeze, amsihi yule mtu, asiyape macho yake usingizi, ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Mstari huo unahusu mdhamini wa deni, lakini hali yako inafanana na yake kabisa: umenaswa kwa neno ulilolitoa ukiwa umezungukwa na watu wanaopiga makofi.

Kuna kisa ninachokipenda zaidi, nacho ni cha 1 Samweli 14. Sauli anawafunga wapiganaji wake kwa kiapo: alaaniwe mtu atakayekula chochote kabla ya jioni. Watu wana njaa hadi wanalegea, na mwituni asali inatiririka. Yonathani hakukisikia kiapo. Akachovya ncha ya fimbo yake akaonja, na macho yake yakatiwa nuru. Alipoambiwa, alisema baba yake ameitaabisha nchi. Jioni Sauli anataka mwanawe afe, kiapo ni kiapo! Ndipo jeshi zima linamkatalia mfalme: hautaanguka chini hata unywele mmoja wa kichwa chake. Wakamwokoa Yonathani, naye hakukauka. Kiongozi aliapa kwa kinywa chake akitumia matumbo ya wengine, na watu wa Mungu wakamwambia hapana.

Utanipinga kwa Wagibeoni, na una haki. Yoshua 9: walimdanganya Yoshua kwa mikate yenye ukungu na viatu vilivyotiwa viraka, akafanya agano nao, na hata uwongo ulipogunduliwa, agano likasimama. Kisa hicho kilinisumbua miaka mingi. Kisha nikaona kwamba aliyefungwa pale alikuwa Israeli, mwenye upanga, asiwaue wageni wanyonge. Karne nyingi baadaye Sauli akawaua, na 2 Samweli 21 inasema njaa ya miaka mitatu ilikuja kwa sababu hiyo. Jeremia 34 ni hivyo hivyo: wakuu wa Yerusalemu walipita kati ya vipande vya ndama wakiapa kuwaachilia watumwa wao Waebrania, halafu wakawarudisha utumwani, na hapo ndipo hasira ya Mungu ikawaka. Kwa hiyo nakubali, Mungu hukasirika agano linapovunjwa. Lakini angalia katika visa hivi aliyetakiwa kulitunza ni nani, na lilikuwa likimlinda nani.

"Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, najua utaisikia pia, wala sitaipa nafasi kubwa. Isome Zaburi 105 kuanzia mstari wa 12. Wanaoitwa masihi hapo ni Abrahamu na wenzake, watu wachache, wageni wasio na nchi, na wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme. Mstari wa kumlinda mnyonge dhidi ya mkubwa umegeuzwa kuwa ngao ya mkubwa. Daudi, ambaye alikataa kweli kumwua masihi wa Bwana, alikata pindo la vazi la Sauli, akasimama mbali, akamwambia makosa yake jeshi zima likisikia. Sauli akalia, akamwita mwanangu. Daudi hakurudi kukaa nyumbani kwake.

Sasa wito, ambao kwangu ni mzito kuliko karatasi.

Siudharau huo unaousikia tangu kidato cha pili. Samweli alikuwa mtoto alipoitwa, na mara tatu alidhani anaitwa na kuhani Eli. Jambo linalonishangaza katika 1 Samweli 3 ni Eli mwenyewe: macho yamefifia, nyumba yake imeoza, wanawe wanapora nyama za sadaka. Lakini mzee huyo mwenye dosari alijua jambo moja la msingi. Hakumwambia mtoto, "Naam, ni mimi ninayekuita, ingia agano nami." Alimwambia akalale, na sauti ikija tena aseme, "Nena, Bwana. Kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Alimwelekeza mbali na yeye. Asubuhi akataka kuambiwa ujumbe wote, na ujumbe ulikuwa hukumu yake mwenyewe. Akasema, ndiye Bwana, na afanye alionalo jema. Mpime mchungaji wako kwa Eli, maana Eli ni kipimo cha chini sana.

Wito wa uongozi una sauti mbili, ya ndani na ya nje, na makanisa mengi yamesisitiza zote mbili. Ya ndani unayo. Ya nje ni ya kusanyiko, na mtu mmoja aliyeota ndoto si kusanyiko. Huko Antiokia, Matendo 13, walikuwapo manabii na waalimu watano wametajwa kwa majina, wakifunga na kuomba. Roho anasema nao wote, wanaweka mikono juu ya Barnaba na Sauli (huyu ndiye Paulo, si yule mfalme), halafu, angalia kitenzi, wanawaacha waende zao. Mikono iliyowekwa kichwani ilikuwa ya kuwatuma watoke. Katika Matendo 6 mitume wenyewe hawakuwachagua wale saba wa kuhudumu mezani. Waliwaambia ndugu, chagueni ninyi.

Hapa Kiswahili chenyewe kinanichekesha kidogo. Kuagana ni kuwekeana ahadi, na kuagana ni kupeana mkono wa kwaheri. Neno moja. Wahenga wetu hawakuona ajabu kwamba watu walioahidiana wanaweza pia kupeana baraka za safari.

Kuhusu kibanda: usikifunge. Unashona viti vya matatu, ngozi na turubai, sindano nene na uzi wa nailoni? Basi wewe na Paulo mngeweza kuazimana vifaa. Matendo 18:3 inasema alikaa kwa Akila na Prisila Korintho kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Alikuwa na haki ya kulishwa na kanisa, na katika 1 Wakorintho 9 anaitetea haki hiyo kwa nguvu, kisha anakataa kuitumia ili asiiwekee Injili kizuizi. Fundi mwenye mapato yake anaweza kumwambia mchungaji wake ukweli. Aliyefunga kibanda na kungoja bahasha ya Jumapili hupima maneno. Siku kanisa litakapokuita wakati wote, likiwa na mshahara ulioandikwa na wazee wanaouhesabu mbele ya waumini, tutaongea tena. Hata hapo ningekushauri uache cherehani moja nyumbani.

Mkeo. Umemtaja kwa nusu mstari, kama mtu anayetaja mvua. Ndugu yangu, wewe unalo agano tayari, ulilolifanya kwa hiari, mbele ya mashahidi, na lile ninaliheshimu: Malaki 2 inamwita mke wa agano lako. Karatasi inayomfunga yeye na watoto kwa laana bila yeye kuulizwa inaingilia agano la kwanza. Na neno lake kwamba hakuitwa siku hiyo nimeliandika kwenye daftari langu. Miaka thelathini ya kufundisha Agano la Kale, sijawahi kulisema vizuri hivyo. Timotheo wa kwanza, sura ya 3, inataka askofu apimwe kwanza nyumbani kwake. Mpimaji wako wa kwanza ameshazungumza.

Je, uhame kanisa? Sijui mengi ya kutosha kukuamulia. Wachungaji wengine wanaiga karatasi hizi kutoka mikutano ya huko mjini, hata hawajazisoma vizuri, na ukiwauliza kwa upole wanazikunja. Wengine watakutaja madhabahuni. Utamjua wako ni yupi kwa namna atakavyopokea maswali. Kama atakutisha, kumbuka pia uko Kenya: Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, na cha 36 kinakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote.

Basi fanya hivi. Usingoje siku ya kesha. Usiku, kwenye vipaza sauti, hakuna anayefikiri. Nenda katikati ya wiki, mchana, pamoja na mkeo. Anza kwa kumshukuru kwa miaka sita, na umshukuru kwa dhati, maana inaonekana amekulea. Mwambie mkono niliouinua niliuinua kwa haraka, naomba unisamehe, nauteremsha. Mwambie niko tayari kuendelea na vijana kama nilivyokuwa, bila karatasi. Bwana alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, na ndiyo yangu umeiona miaka sita. Kisha muulize kwa heshima: katika agano hili, baba, wewe unaapa nini? Halafu nyamaza, umwachie muda wa kujibu. Mkeo naye anyamaze, ingawa natabiri itamwia vigumu.

Omba nakala ya karatasi uende nayo nyumbani. Akikunyima nakala, nitumie ujumbe kabla ya kesha, tuongee kwa simu.